Safu ya Sababu

Ofisini walimwita Mama Vidole, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya tafsiri kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwona akiangalia kibodi. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi iliyosimamishwa upande wa kushoto, vidole vinakwenda vyenyewe, na masikio, kama kuna umbea, yako chumba cha pili. Angekuchapia cheti cha ndoa cha kurasa mbili huku anakusimulia nani kagombana na nani, na usione kosa hata moja.

Alifundishwa hivyo. Enzi za taipureta mwalimu wao alikuwa mama mmoja asiyejua kucheka, aliyewafunika mikono kwa kitambaa cheusi ili wasione vitufe. Ukichungulia, rula inashuka. Mama huyo aliwafundisha na jambo la pili, ambalo Mama Vidole alilishika kama kiapo: mpiga chapa hasomi. Ukisoma utaanza kufikiri, ukifikiri utarekebisha, ukirekebisha umeharibu kazi ya mwenyewe. Maneno yaingie machoni, yatokee vidoleni, kichwani yasipite. Kwa hiyo alikuwa ameshachapa talaka za watu, wosia, vyeti vya vifo na majibu ya hospitali, akarudi nyumbani akala na kulala vizuri, hana habari ya hata kimoja.

Kitu kimoja tu kilipita kichwani mwake bila kuomba ruhusa, nacho ni shaka. Hakuzaliwa nayo. Katika ofisi yake ya kwanza alimfundisha kazi shoga yake, akamfundisha kila kitu mpaka namna ya kubadilisha utepe bila kuchafua mikono. Alipokwenda likizo ya uzazi akarudi, alimkuta shoga amekalia kiti chake na ameegemea mto wake wa mgongoni. Kiti angeweza kusamehe. Mto ulimuuma mpaka leo. Tangu siku hiyo mtu akimsifia, yeye hujiuliza anataka nini. Akinyamaza, hujiuliza anaficha nini.

"Wewe mke wangu," mumewe alizoea kumwambia, "siku ukikosa wa kumshuku utakishuku kivuli chako."

"Kivuli changu nacho," anajibu, "mbona kinanifuata?"

Sasa, ajabu ya Mungu, mtu huyu huyu ndiye aliyemtafutia kazi wifi yake. Dada wa mumewe alikuwa amefiwa na mume huko alikoishi miaka kumi na tano, mahali ambapo watu wanazungumza Kifaransa sokoni na kanisani na wakigombana. Alirudi na masanduku mawili na Kifaransa chake, basi. Ofisi ilikuwa imempoteza mfasiri wa Kifaransa, Mama Vidole akasema neno kwa mkurugenzi, na wifi akapewa meza ya dirishani. Mwaka mzima walikwenda kazini pamoja, wakala mchana kutoka bakuli moja, wakawasengenya waume za watu kwa raha zao.

Kisha mkono ukaanza. Vidole viwili vya mkono wa kushoto, kidole cha mwisho na jirani yake, vilikuwa vikifa ganzi. Asubuhi hasa. Vilikuwepo, alivitazama, vinasogea, ila havina habari. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Mama Vidole bila vidole ni mama tu, na mama wa bure wako wengi barabarani. Aliogopa kweli, na ile hofu, kwa kuwa haikuwa na mahali pa kukaa, ilitafuta mtu wa kumkalia.

Mwezi huo mkurugenzi alitangaza kwamba mashine za zamani zinaondoka na zinakuja laptopu, moja kwa kila mtu. Tena kila mfasiri achague kibodi inayoifaa lugha yake, kwa kuwa muuzaji alikuwa na za kila nchi. "Mama Vidole ndiye atakayekusanya maombi," alisema. "Kibodi hapa nani anazijua kama yeye?"

Wengine walipiga makofi. Yeye alijiuliza kwa nini amesifiwa mbele za watu.

Hata hivyo kazi aliifurahia, usimwone hivi. Alichora fomu yenye safu nne: jina, lugha, aina ya kibodi, sababu. Akaigawa. Hapo ndipo ofisi ilipogeuka soko. Mfasiri wa Kijerumani, mzee mmoja wanayemwita Profesa, alitaka kibodi ya Wajerumani ambayo herufi z na y zimebadilishana makao, akatoa mhadhara wa nusu saa juu ya jambo hilo. Wa Kireno alidai kitufe maalumu cha ile herufi yake yenye mkia, akasema asipopewa ataandika kwa mkono na dunia imsubiri. Wa Kiarabu alitaka vitufe vyenye maandishi mawili mawili, akauliza mara tatu kama maandishi hayo yamechongwa au ni stika za kubandika, maana stika alishawahi kuuziwa, zikamfuata nyumbani kwenye mikono ya shati. Mama Vidole mwenyewe aliandika kibodi ya Kiingereza ya kawaida. Kiswahili hakina makuu, herufi za kila siku zinakitosha.

Wa mwisho kuleta fomu alikuwa wifi.

"Wifi, mimi waambie waniletee kama ya kwako," alisema, akaiweka fomu mezani kifudifudi, akaenda zake.

Machale yakamcheza Mama Vidole. Kama ya kwako? Kibodi ya Kifaransa si hii. Ile, a iko mahali pa q, m imehamia pembeni, tarakimu hazitoki mpaka ushikilie kitufe kingine, na zile e zenye mikwaju juu zina vitufe vyake. Wifi alizoea hiyo miaka kumi na tano. Kwenye mashine ya zamani alikuwa akilalamika kila siku kwamba vidole vyake vinapotea njia. Leo anapewa aitakayo, anaikataa? Mtu hakatai kiatu kinachomtosha akaomba cha mwenzake, ila kama ana safari na miguu ya mwenzake.

Zile fomu alizichapa siku hiyo hiyo katika orodha moja safi. Safu ya tatu aliisoma, kwa sababu muuzaji alitaka kujua ngapi za aina gani. Nyingine alizichapa kama alivyochapa kila kitu maishani. Akapeleka.

Kesho yake alikutana na mkurugenzi kwenye ngazi. Mkurugenzi, mwanamke wa maneno machache, alimshika bega. "Nimeipitia orodha. Una bahati na wifi yako, Mama Vidole."

Bahati? Bahati gani? Alipanda ngazi zilizobaki akilitafuna neno hilo. Hao wawili wameanza lini kuzungumza habari zake?

Kuanzia hapo aliona mengi, kama anavyoona mengi mtu aliyekwisha kuamua. Aliona wifi siku hizi anawahi kutoka nyumbani, hamsubiri tena mwenzake njiani, kisingizio eti anataka kutembea kwa miguu. Aliona kiti chake asubuhi kimesogezwa karibu na meza kuliko alivyokiacha, na wifi ni mfupi. Akaanza kukagua mashine yake. Ilikuwa mashine ya mwisho, yaani kila kazi ya kila lugha humalizikia hapo, hupangwa, hupigwa chapa na kwenda kugongwa muhuri. Akakuta nyaraka alizozifunga jana yake jioni zimefunguliwa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Yeye huingia saa mbili.

"Dada yako ananichimba," alimwambia mumewe.

"Dada yangu? Yule anayelia akiona paka kanyeshewa?"

"Hao hao wanaolia. Anaingia kwenye kazi zangu nikiwa sipo. Anataka kibodi kama yangu ili akae kwangu asione ugeni. Ameshaongea na bosi. Mimi unga wangu unamwagika hivi hivi naangalia."

"Muulize."

"Nimuulize ili ajipange?"

Mumewe alizima redio. "Huyo ni damu yangu na wewe ni mke wangu. Nakuomba muulize kwanza," alisema. Mama Vidole hakumuuliza. Hilo alilikumbuka baadaye zaidi ya yote.

Laptopu zilifika siku ya Jumatano, kila moja kwenye boksi lake na lugha yake. Wengine walikuwa wakifungua na kushangilia kama watu waliopata watoto. Mama Vidole alisubiri watoke kwenda kula, akabaki peke yake na yake. Alikuwa na jaribio. Aliibadilisha ile kibodi kwa ndani, kwenye mipangilio, akaiweka katika Kifaransa, apate kuona kama kweli mtu anaweza kuandika Kifaransa kwenye vitufe vya aina hii. Alichapa mstari mmoja kutoka kwenye barua ya wifi. Ikatoka vurugu tupu: palipotakiwa a imekaa q, palipotakiwa m pamekaa alama ya koma, tarakimu zimekuwa alama za ajabu.

"Unaona?" alisema peke yake. "Haiwezekani. Ni mwongo." Haikumjia akilini kwamba mtu anaweza kujifunza upya.

Basi kwa hasira ile ile aliiwekea mashine neno la siri ambalo hatamwambia mtu: kitichangu. Alilichapa mara mbili kama ilivyotaka. Kwenye kioo zilitokea nukta tu, nukta kumi, na yeye hata hizo hakuziangalia. Akaifunga, akaifungia kabatini, akaenda kula. Siku hiyo alikula vizuri.

Asubuhi ya Alhamisi wifi alikuwa amemtangulia kama kawaida, yuko dirishani, amekaa kimya na mashine yake mpya. Alionekana kama mtu aliyekuja kufanya jambo akashindwa. Mama Vidole alifungua kabati, akaiwasha laptopu, akachapa neno lake. Ikakataa. Akachapa tena polepole. Ikakataa. Mara ya tano ikamwambia asubiri. Mkononi alikuwa na majibu ya hospitali ya mama mmoja aliyetakiwa kuyapeleka ubalozini kabla ya saa sita, na mama huyo alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, mkoba mapajani, anamtazama.

Damu ikampanda. Alisimama.

"Umeifanya nini mashine yangu?"

Wifi aligeuka. "Mimi?"

"Wewe! Unafungua kazi zangu asubuhi mimi sipo, umeomba kibodi kama yangu, na sasa umebadilisha neno langu la siri. Nilikuokota na masanduku yako mawili nikakuleta hapa. Kumbe nilikuwa najiletea wa kunizika!"

Mkurugenzi alikuwa ameshafika mlangoni. "Taratibu, Mama Vidole. Na wewe dada, ni kweli unaingia kwenye mashine yake asubuhi?"

"Ni kweli," wifi alisema.

Hakuongeza neno la kujitetea. Alimtazama wifi yake kwa muda mrefu, si kwa hasira, ila kama mtu anayesoma tena barua akidhani ameisoma vibaya. "Wifi," alisema, "kwa yote unayoyajua, hilo ndilo uliloliona la kusema?"

"Unanitisha na nini? Najua nini?"

Wifi alitikisa kichwa. Alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani pamoja na ufunguo, akachukua mkoba. Mkurugenzi alimwambia apumzike nyumbani mpaka jambo liangaliwe, lakini maneno hayo aliuambia mgongo unaoondoka. Profesa alishusha miwani yake, akaipandisha tena, asijue la kufanya na uso wake.

Fundi wa kompyuta alifika saa nne, mtu mzima mwenye kitambi na subira. Alisikiliza hadithi yote, akavuta kiti.

"Mama, siku ulipoweka hilo neno, kibodi ulikuwa umeiweka lugha gani?"

"Kiingereza, kama kawaida. Ngoja... Niliijaribu kwa Kifaransa."

"Ukairudisha?"

Fundi alibonyeza mahali fulani pembeni ya kioo, akachagua Kifaransa. "Haya, chapa kama ulivyozoea. Usiangalie."

Alichapa kama alivyochapa maisha yake yote. Mashine ikafunguka.

"Vidole vyako havikukosea," fundi alisema, akicheka kwa upole. "Vilikwenda pale pale pa siku zote, ila siku ile mashine ilikuwa ikisikia Kifaransa, na leo ilipowashwa upya imerudi Kiingereza. Wewe unasema a, yenyewe inaandika q. Siku ile ungetupia jicho hata kidogo pale pembeni ungeona imeandikwa Kifaransa. Hakuna mtu aliyeigusa hii."

Mama Vidole aliyachapa majibu ya mama wa kwenye benchi, akayapeleka yakagongwe muhuri, akarudi akakaa. Fundi alikuwa akikusanya vifaa vyake na kuzichungulia mashine nyingine.

"Lakini hata mimi ningeuliza," alisema. "Huyu wa Kifaransa aliomba vitufe vya Kiingereza kwa nini? Anajitesa. Hakutoa sababu?"

Sababu. Neno hilo lilikuwa la kwake. Ni yeye aliyeichora safu ile.

Alifungua ile orodha. Alishuka kwa kidole juu ya kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, mpaka mstari wa mwisho, safu ya nne, akasoma. Akasoma tena. Halafu akaichapisha karatasi ile, akaingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi, akasema maneno manne: kosa ni langu, bosi. Akatoka.

Wifi alikuwa amepanga chumba na sebule ndogo, mlango wa tatu kwenye nyumba ya wapangaji sita. Jirani mmoja alikuwa akianika nguo, mwingine anachambua mboga kizingitini, na wote wawili walimwona akija akiwa na karatasi mkononi na jasho usoni. Alibisha. Wifi alifungua, hakumkaribisha. Macho yalikuwa mekundu. Nyuma yake, juu ya kitanda, sanduku moja lilikuwa wazi.

"Nilikosea neno langu mwenyewe," Mama Vidole alisema. "Fundi ameona. Ni mimi. Nisamehe, wifi."

"Hilo la mashine halina shida."

"Na asubuhi... kumbe ulikuwa unafanya nini asubuhi?"

"Ulikuwa unaangusha herufi a," wifi alisema. "Na q, na z, lakini hasa a, na Kiswahili bila a kinabaki na nini? Ule mkono wako wa kushoto. Hata bakuli ulishaanza kulishikilia kwa vidole vitatu, mimi nikaona. Nikajua hutaki kusemwa. Basi nawahi, nakurudishia a zako, nafunga. Vile vitufe vya kwako vilikuwa vinanichanganya, ndiyo nikasema mashine mpya zikija niombe ya aina hiyo hiyo niizoee."

Mama Vidole alifumba mkono wa kushoto, akaufumbua. Hasira ingemsaidia, lakini hasira yote alishaitumia asubuhi. "Kwa nini hukuwaambia? Pale mbele ya watu, kwa nini hukujitetea?"

"Nijitetee kwa lipi?" Sauti ya wifi ilipasuka. "Mimi nilidhani unajua! Niliiandika kwenye fomu. Uliichapa wewe, wifi. Kwa mkono wako. Wiki tatu nakaa pale najiambia amesoma, amenyamaza kwa sababu ya aibu, sawa. Leo unasimama unaniita wa kukuzika na sababu yangu umeichapa mwenyewe, neno kwa neno. Nikasema basi, kama anajua na bado anasema vile, mimi na yeye tumemaliza."

Jirani wa nguo alikuwa ameacha kuanika.

"Sikuisoma," Mama Vidole alisema.

"Umeichapa."

"Niliichapa. Sikuisoma. Wallahi, mimi huwa sisomi."

Wifi alimwangalia, akaiangalia karatasi iliyoloa jasho mkononi mwake. Hakusogea kumpisha. "Basi isome," alisema. "Hapo hapo ulipo. Kwa sauti."

Mama Vidole alishika karatasi kwa mikono miwili. Aliweka kidole chini ya mstari, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto, kisicho na habari, na akakisogeza neno baada ya neno kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kazi zote humalizikia kwenye mashine ya wifi yangu," alisoma. "Naomba kibodi kama ya kwake, nizoee, ili siku akichoka nimsaidie pale pale bila mikono yangu kupotea. Kifaransa nitajifunza upya kukichapa. Yeye... yeye asibadilishiwe kitu chochote. Kile ni kiti chake."